Hewa huioni, umeme huuoni: je, huo ni ushahidi kwamba Mungu yupo?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza chuoni, nasomea uhandisi wa umeme. Hosteli tuko wanne chumba kimoja, na mwenzetu mmoja anasema hamwamini Mungu kwa sababu sayansi haijawahi kumwona wala kumpima. Nilimjibu kama nilivyosikia tangu madrasa: hewa huioni, umeme huuoni, hata akili yako huioni, lakini vyote vipo. Akasema hewa ina uzito, umeme una mita yake, Mungu ana nini? Wenzetu wakacheka, nami nikanyamaza. Je, hoja yangu ni mbovu? Na mtu anaweza kusoma fizikia mpaka mwisho akabaki na imani yake bila kujidanganya?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuchekwa. Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Hoja yako ina nusu ya kweli na nusu mbovu, na ya mwenzako ni vivyo hivyo. Nusu zenu za kweli hazigombani hata kidogo. Zinazogombana ni hizo mbovu mbili, ndiyo maana mtabishana mpaka alfajiri na hakuna atakayesogea.

Swali lako nalipa uzito kwa sababu katika kufundisha fizikia nimewaona vijana wenye vichwa vizuri wakiumia hapahapa. Mmoja, hoja ya "hewa huioni" ikivunjwa, anadhani imani yenyewe imevunjika, maana hakuwahi kupewa nguzo nyingine. Mwingine anaikimbia sayansi ili ailinde imani: anafaulu mitihani kwa kukariri na hathubutu kufikiri. Wote wawili wanalipa deni ambalo hawakulikopa.

Tuanze na nusu yako ya kweli. Kutoonekana si kutokuwepo. Jicho la binadamu linapokea ukanda mwembamba mno wa mionzi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700 hivi, basi. Mwaka 1800 William Herschel, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, rangi zake zikatandazika juu ya meza, akaweka thamometa kwenye rangi moja baada ya nyingine ili apime joto. Thamometa akaiweka pia nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Hapo ndipo ilipopanda zaidi. Mionzi hiyo ndiyo infraredi, na kila ukibonyeza rimoti ya televisheni unaitumia.

Mfano ninaoupenda zaidi, lakini, uko pwani yetu wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco ambalo Waitaliano walilisimika baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo tu. Siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, kwa hiyo setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota popote vinaposomwa, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi hawajawahi kulisikia.

Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazimeza zote. Kwa hiyo kabla ya roketi, upande huo wote wa mbingu ulikuwa kama haupo. Uhuru ilizunguka polepole ikiipekua anga, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimoja kilichokwisha kujulikana, Cygnus X-1, kiliwashangaza: mionzi yake ilipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi kiasi hicho lazima kiwe kidogo, kwa sababu badiliko haliwezi kukimbia kuliko mwanga kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mwaka 1972 wanaastronomia wakaonyesha kwamba mahali hapo pana nyota kubwa ya buluu inayoyumbishwa huku na huku kila siku 5.6, inavutwa na mwenzake ambaye hakuna darubini iliyomwona. Ukipiga hesabu ya uzito wa mwenzake huyo unapata kitu kizito mno kuwa nyota ya kawaida iliyokufa. Hesabu za mwaka 2021 zinampa uzito wa Jua letu mara 21 hivi. Hilo ni shimo jeusi, kitu ambacho kwa maumbile yake hakitoi mwanga. Tunachokipokea ni mionzi ya gesi iliyopashwa moto wakati ikizunguka kuelekea kutumbukia, pamoja na yule nyota anayeyumba.

Kwa hiyo mwenzako akisema "kisichoonekana hakipo", mpeleke Ngomeni. Hapo hana jibu. Ila sidhani kama alisema hivyo. Ukisoma vizuri ulichoniandikia, alisema kisichoonekana *wala kupimwa*. Na hapo ndipo nusu yako mbovu inapoanza.

Angalia hivi vitu visivyoonekana vilikubalika kwa njia gani. Hakuna hata kimoja kilichoingia bure. Kila kimoja kililazimika kusema kitafanya nini, wapi na kwa kiasi gani, kikaachwa kishindwe kama ni cha kushindwa. Mtu mmoja, Urbain Le Verrier wa Paris, alifanya jambo hilo mara mbili, na habari yake ni somo kamili.

Sayari ya Uranusi, iliyogunduliwa na Herschel yuleyule mwaka 1781, haikufuata njia ambayo hesabu za Newton ziliitabiria. Ilikuwa inapotoka kidogo. Le Verrier akakisia kwamba ipo sayari nyingine mbele yake, isiyojulikana, inayoivuta. Kwa kalamu na karatasi akatafuta ingekuwa wapi, akawaandikia wenye darubini Berlin. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uleule Johann Galle akaelekeza darubini mahali alipoambiwa, akawa anataja nyota moja moja, na mwanafunzi Heinrich d'Arrest anazitafuta kwenye ramani ya anga. Haikupita saa nyingi Galle akataja nyota ambayo d'Arrest hakuiona kwenye ramani. Ilikuwa Neptuni, chini ya digrii moja tu kutoka pale Le Verrier alipopataja. Kabla ya usiku huo ilikuwa haijulikani kwa yeyote, na mtu alikuwa ameshaikamata kwa hesabu.

Baadaye Le Verrier akaikuta sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua, nayo inapotoka. Mwaka 1859 akatumia hoja ileile, neno kwa neno: ipo sayari isiyoonekana karibu na Jua, inaivuta. Ikapewa jina la Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini, Lescarbault, akasema amekwisha kuiona ikipita mbele ya Jua kama kidoa cheusi. Le Verrier akapanda treni mpaka kwake, akamhoji, akaridhika, na daktari akapewa nishani ya heshima ya Ufaransa. Watu wakaitafuta Vulcan katika kila kupatwa kwa Jua kwa miongo kadhaa. Le Verrier akafa mwaka 1877 akiiamini. Haikuwepo. Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kupotoka kwa Utaridi, sekunde 43 za tao (kipimo cha pembe ndogo mno, si cha muda) kwa kila karne, kunatokana na namna Jua linavyopinda nafasi na wakati, wala hakuhitaji sayari yoyote.

Mtu ni yuleyule, hesabu zilezile, hoja ileile. Mara ya kwanza kisichoonekana kilikuwepo, mara ya pili hakikuwepo. Ukiwauliza wote wawili, Neptuni na Vulcan, "Je, kutoonekana kwako kunanifundisha nini juu ya kuwepo kwako?" hakuna atakayekupa jibu. Kutoonekana hakusemi lolote, si la ndiyo wala la hapana.

Nitaongeza jambo moja, kwa sababu wenye imani na wasio nayo hulisahau: kuona nako hudanganya. Mwaka 1903 René Blondlot, profesa mheshimiwa wa Nancy, alitangaza mionzi mipya akaiita mionzi N, kwa heshima ya mji wake. Ilitambuliwa kwa kutazama gizani jinsi cheche ndogo ya umeme, au rangi yenye kung'aa hafifu, inavyoongezeka mwanga. Wanasayansi wengi Ufaransa wakaandika kwamba nao wameiona, wengine wakasema inatoka kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Wengine, kwingineko, wakajaribu wakaambulia patupu. Mwaka 1904 Mmarekani Robert Wood alikwenda Nancy kujionea. Blondlot alikuwa amekaa gizani, ana prizimu ya alumini inayotawanya mionzi hiyo, anasoma namba za mahali inapoangukia, hadi sehemu za kumi za milimita. Wood akanyoosha mkono gizani, akaichomoa prizimu akaishika. Blondlot akaendelea kusoma namba zilezile. Hakuwa mwongo. Alikuwa anaona kwa moyo wake wote kitu alichotaka kukiona.

Sasa rudi kwenye hoja yako: umeme hauonekani na upo, kwa hiyo Mungu haonekani na yupo. Mlango huo ukiufungua, Vulcan inaingia, mionzi N inaingia, na mganga anayemtoza mama mjane laki tatu kwa kumfukuzia jini lisiloonekana naye anaingia akiwa kifua mbele. Hoja inayompitisha kila mtu haimlindi yeyote. Na kwa heshima zote za madrasa yako, na za shule ya Jumapili niliyolelewa mimi, nadhani tumewakosea vijana kwa kuwapa silaha hii ya karatasi kisha kuwatuma vitani. Kile kisa kinachozunguka WhatsApp, cha mwanafunzi anayemuuliza profesa "je, kuna aliyewahi kuiona akili ya profesa?", darasa likapiga makofi, na mwisho kinasema mwanafunzi huyo alikuwa Einstein, nacho kiache. Einstein hana kisa hicho katika maisha yake. Alipoulizwa mwaka 1929 na rabi wa New York kama anamwamini Mungu, alijibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, yule mwanafalsafa wa Uholanzi, Mungu anayejidhihirisha katika mpangilio wa vilivyopo, na si Mungu anayejishughulisha na matendo ya wanadamu. Dini isisimamishwe kwa kumsingizia marehemu.

Tumgeukie mwenzako. Yeye anasema: sayansi haijampima Mungu, basi hayupo. Swali la kwanza la kumuuliza, kwa upole, ni kwamba kanuni yenyewe, "kisichopimwa na sayansi hakipo", imepimwa na maabara gani? Hiyo si matokeo ya jaribio lolote. Ni msimamo wa kifalsafa, na anayo haki ya kuwa nao, ila asiuvalishe koti jeupe la maabara.

Usimjibu kwa nyutrino, chembe ndogo mno ya maumbile, ingawa utatamani. Ni kweli kwamba Wolfgang Pauli aliipendekeza chembe hiyo Desemba 1930 akihofia kwamba haitagunduliwa kamwe, na ikachukua mpaka mwaka 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines kuikamata kwenye kinu cha nyuklia cha Savannah River, Marekani, ilhali kila sekunde nyutrino za Jua bilioni 60 na zaidi zinapita katika kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako. Mwenzako atasema, na kwa haki, kwamba hatimaye ilikamatwa. Ukimlinganisha Mungu na nyutrino umejiwekea miadi: umesema siku moja atapatikana kwenye kinu.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Mungu ambaye wewe umefundishwa na mimi nimefundishwa si kitu kimoja zaidi katika orodha ya vitu visivyoonekana. Si chembe ndogo kuliko nyutrino, si nguvu ya tano, si kiumbe kikubwa kilichojificha nyuma ya nyota. Wote wanaomwamini wanasema ndiye anayevifanya vitu viwepo, vinavyoonekana na visivyoonekana. Watu humtia Yuri Gagarin mdomoni maneno kwamba alipozunguka dunia mwaka 1961 alitazama asimwone Mungu. Katika mazungumzo ya redio ya safari ile maneno hayo hayamo, yalitumika na wapiga propaganda wa Kisovieti. Lakini hebu chukulia kwamba angemwona: mzee mkubwa ameketi nje ya dirisha la chombo, kilomita 300 juu ya bahari. Wewe uliyesoma tauhidi ungesema nini? Ungesema huyo si Mungu, huyo ni kiumbe, maana yuko mahali fulani na hayuko pengine. Uchunguzi ambao ukifaulu unakupa kitu kisicho Mungu, hauwezi kuwa uchunguzi wa Mungu.

Kuna waliojaribu kupima hata hivyo, na yafaa ulijue jaribio kubwa kuliko yote ya aina hiyo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, likiongozwa na Herbert Benson, daktari wa Marekani. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita waligawanywa makundi matatu kwa kura. Kundi la kwanza waliombewa bila kujua kama wanaombewa, na asilimia 52 wakapata matatizo baada ya upasuaji. La pili hawakuombewa, nao hawakujua: asilimia 51. La tatu waliombewa na wakaambiwa kwamba hakika wanaombewa: asilimia 59. Kwa maneno mengine, maombi yale hayakuleta nafuu iliyopimika, na walioambiwa walipata matatizo zaidi kidogo.

Mwenzako akiyataja matokeo haya, usiyapinge. Jaribio lilifanywa vizuri. Linabomoa dhana moja kabisa: kwamba maombi ni dozi, ukiongeza kipimo matokeo yanaongezeka. Dhana hiyo mimi naitaka ibomoke, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwenye mikutano ya chupa za mafuta na maji. Ila jaribio haliwezi kusema zaidi ya hapo. Kwanza, hakuna aliyeweza kuwazuia wake, waume na watoto wa wale waliotengwa "bila maombi" wasiwaombee. La pili lina uzito zaidi. Jaribio la kitabibu linafanya kazi kwa kitu kisicho na hiari, kama dawa, ambacho kikiwekwa hapa kitafanya hivi na kikiwekwa pale kitafanya vilevile. Anayedaiwa kuwa na hiari, tena anayejua kwamba anapimwa, hapimwi hivyo. Torati ilikwisha kukataza kumjaribu Bwana, karne nyingi kabla ya takwimu kubuniwa. Mwenzako anaweza kuona hiyo ni hila ya kukwepa. Simlaumu. Ila aelewe kwamba si hila iliyotungwa jana baada ya kushindwa kwenye takwimu.

Usije ukadhani, basi, kwamba nimeifungia dini chumba ambacho vipimo haviingii. Hapana. Dini inaposema jambo juu ya sukari, shinikizo la damu, virusi au fedha, imeingia mwenyewe kwenye uwanja wa vipimo, na ni lazima ipimwe. Mwaka 2011 huko Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, Babu tuliyemjua sote, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja shilingi 500. Maelfu walikwenda, foleni ya magari ikawa ya kilomita kadhaa porini. Angalia kwamba kulikuwa na madai mawili. "Mungu amenionyesha ndotoni" halina kipimo, na mimi sina la kusema juu ya ndoto ya mtu. "Ukinywa, UKIMWI na kisukari vinaondoka" lina kipimo, na kipo hadi kwenye zahanati: tone la damu ya kidole kwa sukari, kipimo cha virusi kwa UKIMWI. Hakuna kipimo kilichothibitisha uponyaji huo, na kuna watu waliokuwa wameacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu ya kuyaamini madai hayo. Nalisema kwa uchungu. Ukiwa mtu wa imani mwenye elimu ya sayansi, kazi yako siku kama ile ni kusimama na kusema: amini ndoto ukipenda, lakini dawa zako usiache, na nenda ukapime.

Upande wa pili, kuna jaribu la kuifanya sayansi imtumikie Mungu kabla haijaombwa. Hapa nakupa Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia. Mwaka 1927 ndiye aliyeandika kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza kutoka katika kitu kimoja alichokiita atomu ya mwanzo. Hiyo ndiyo mbegu ya nadharia ya Mlipuko Mkubwa. Novemba 1951 Papa Pius wa 12 aliwahutubia wanasayansi wa Vatikani akasema, kwa furaha kubwa, kwamba sayansi imefika kushuhudia ile saa ya "iwe nuru". Ungedhani padre angeshangilia. Lemaître alisononeka. Alifanya juhudi Papa asirudie, na Papa alipohutubia mkutano wa wanaastronomia mwaka uliofuata hakurudia. Miaka michache baadaye Lemaître alieleza wazi kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya swali la dini: asiyeamini yuko huru kukataa, anayeamini asiitumie kujifanya kana kwamba amemgusa Mungu kwa mkono. Mtu huyu alisali misa na alipiga hesabu za mwanzo wa ulimwengu, na hakuruhusu moja iwe magongo ya nyingine. Nadharia hubadilika. Aliyeitundika imani yake kwenye nadharia ya mwaka huu atalazimika kuihamisha mwaka ujao.

Utaniuliza: basi imani inasimama juu ya nini? Ushahidi hauna sura moja tu. Vita vya Maji Maji haviwezi kurudiwa maabara, lakini tunajua vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, kwa hati za Wajerumani na kwa masimulizi ya wazee ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuyakusanya vijijini mwaka 1968. Hayo hupimwa kwa kulinganisha mashahidi. Hoja za hisabati hupimwa kwa uthibitisho, wala hakuna darubini. Swali la Mungu nalo lina mizani yake: kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu, kwa nini maumbile yanatii sheria zinazoandikika kwa hesabu, kwa nini dhuluma inatuuma kama kosa na si kama hasara tu, ushuhuda wa mitume na wa waumini una uzito gani, na maisha ya wanaoishi kwa imani hiyo yanazaa nini. Mimi nimepima, naamini. Mateso ya watoto wasio na hatia yako upande wa pili wa mizani hiyo, ni mazito, na anayekuambia hayana uzito hajawahi kukesha wodini. Watu waaminifu hupima mambo hayohayo wakatoka na jibu jingine.

Hilo la mwisho lina mfano usiopingika. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1979 walipewa watu watatu kwa nadharia inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu nyonge ya nyuklia: Sheldon Glashow, Abdus Salam na Steven Weinberg. Salam na Weinberg waliifikia kila mmoja kwa njia yake. Weinberg hakumwamini Mungu na hakuficha. Salam, Mpakistani wa jamaa ya Ahmadiyya, alijitambua kuwa Mwislamu maisha yake yote ingawa sheria ya nchi yake tangu 1974 ilimkatalia jina hilo, na kwenye karamu ya Nobel alisoma aya za Surat al-Mulk zinazomwambia mwanadamu arudishe macho atazame mbinguni kama ataona kasoro. Nadharia moja, tuzo moja. Chembe walizozitabiri zilipatikana CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Ulaya, mwaka 1983, na mitambo haikuuliza nani anaswali. Kama fizikia ingelazimisha kuamini, Weinberg angeamini. Kama ingelazimisha kukana, Salam angekana, na hakuna atakayesema mmoja wao hakuielewa.

Huyo Salam ndiye aliyeanzisha mwaka 1964 kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini, na Waafrika wengi wamepita pale. Ukimaliza shahada yako kitafute.

Sasa kuhusu kujidanganya. Anayejidanganya utamjua kwa jambo moja: kuna swali ambalo hataki liulizwe mbele yake. Kwa hiyo ukirudi chumbani mwambie mwenzako kwamba kuhusu hewa na umeme alikuwa sahihi. Kisha muulize ni ushahidi wa namna gani angeukubali, na kama jibu lake lingempa Mungu au kiumbe tu. Naye akuulize wewe ni jambo gani lingekufanya uache kuamini. Usimjibu papo hapo. Lifikirie kwanza, ukipata jibu la kweli niandikie, nitalisoma kwa makini.